Jamaica: udongo mwekundu unaisha, ngoma inabaki

Bandugu watumikaji, ba mama wa mu kampi, na ninyi vijana munaotafuta kazi kila asubui: mwezi wa tano kwetu ni mwezi wa sikukuu ya kazi. Tunapita mu defile, tunasikiliza hotuba, tunakunywa kidogo, na kesho yake tunarudia ku kazi. Kule Jamaica, kisiwa kidogo cha ngambo ya Atlantiki, mwezi wa tano uko na tarehe mbili za kukumbuka. Tarehe 11, mu mwaka wa 1981, Bob Marley alikufa na miaka 36. Tarehe 23 ni sikukuu ya kazi ya inchi yao. Ile ya kwanza vijana wetu wanaijua, na picha ya Marley iko ku nguo zao, ku moto zao, ku milango ya manganda. Ile ya pili karibu hakuna mutu anaijua. Sisi tunaona ile ya pili njo mama ya ile ya kwanza, na ndiyo habari tunawaletea leo.

Wengine watauliza: sendika inatafuta nini mu mambo ya muziki, wakati kuko watu hawajapata viatu vya kazi, na wakati wengine wanatumika miaka mingi bila kontra ya kweli? Ni ulizo la haki. Jibu letu ni hili: mutumikaji hazae tani za shaba na kobalti peke yake. Anazaa vilevile nyimbo, lugha, namna ya kusaidiana, na kumbukumbu ya wale waliokufa kwa ajili ya wengine. Hii mali nayo inaibiwa, na inapotea kama hakuna mwenye kuilinda. Watu wa Jamaica walipambana kuilinda yao. Tuangalie vile walifanya.

Mgomo wa watumwa

Jamaica iko na kilometa za mraba 11.000 hivi. Jimbo letu la Haut-Katanga peke yake linaipita zaidi ya mara 10. Watu wake hawafike milioni 3. Wahispania walifika kule mu 1494, Waingereza wakawanyang'anya mu 1655. Wenyeji, Wataino, karibu wote walimalizika. Kiisha meli zikaleta Waafrika, mamia ya maelfu, wamefungwa minyororo, waje kulima miwa. Ile sukari ilijaza mifuko ya matajiri wa London na Bristol.

Kuko waliokimbia mashamba wakajificha mu milima. Wanaitwa Wamaroni. Walikuwa wanaitana toka mlima mpaka mlima na abeng, baragumu ya pembe ya ng'ombe, na walipigana mpaka Waingereza wenyewe wakakubali kuandika nao mapatano mu 1739. Mukubwa wao mumoja alikuwa mwanamuke, jina lake Nanny. Leo sura yake iko ku noti ya dola 500 ya Jamaica.

Wengine walibakia mu mashamba, wakatafuta njia ingine. Mu Noeli ya 1831, Sam Sharpe, mutumwa na mwalimu wa kanisa ya Wabatisti, alipeleka neno toka shamba mpaka shamba: sikukuu ikiisha, mutu asirudie mu miwa kama hawatulipe mushahara. Ule ulikuwa mgomo, bandugu. Mgomo wa watu ambao sheria ilikuwa inawahesabu sawa na ng'ombe. Moto uliwaka, serikali ikajibu na bunduki na kamba, watumwa zaidi ya 300 wakauawa kwa hukumu. Sam Sharpe mwenyewe alinyongwa mu muji wa Montego Bay, tarehe 23 mwezi wa tano 1832. Mushike hii tarehe. Mwaka uliofuata, bunge la London lilipiga kura ya kumaliza utumwa, na uhuru kamili ulifika tarehe 1 mwezi wa 8, 1838.

Uhuru ulikuja, lakini bila udongo na bila mushahara wa kutosha. Miaka 100 ikapita. Mwanzo wa mwezi wa tano 1938, kule Frome, upande wa magaribi, walikuwa wanajenga kiwanda kikubwa cha sukari. Watumikaji waliomba dola moja kwa siku. Polisi wakaja na silaha, watu 4 wakafa. Hasira ikafika Kingston, muji mukubwa. Tarehe 23, siku ileile ya kifo cha Sam Sharpe, wapakizi wa bandari na watumikaji wengine walisimamisha muji muzima. Alexander Bustamante, aliyesema kwa ajili yao, alikamatwa. Norman Manley, avoka na ndugu yake wa ukoo, akasimama kuwatetea. Mu ule mwaka kukazaliwa sendika ya Bustamante na chama cha Manley. Mu 1944 kila mukubwa, mwanaume na mwanamuke, alipata haki ya kupiga kura. Tarehe 6 mwezi wa 8, 1962, bendera ya Waingereza ilishuka.

Mu 1961 walishafuta sikukuu ya ufalme wa Waingereza, wakaweka pa nafasi yake sikukuu ya kazi, tarehe 23 mwezi wa tano. Tangu 1972, siku ile watu wanafanya kile sisi tunaita salongo: wanapaka rangi masomo, wanasafisha hospitali, wanatengeneza njia ya kartye yao. Hivi ndivyo inchi inaheshimu wagomaji wake.

Nyimbo za jembe, za ndizi na za chuma

Sasa tuingie mu muziki, sababu hautoke mbali na ile habari. Mu vijiji vya Jamaica, watu walikuwa wanasaidiana kulima mashamba ya viazi vikuu. Mumoja anaongoza mwimbo, jina lake bomma. Wengine wanaitika na majembe yanashuka pamoja. Wazee wetu waliobeba reli na kupiga sululu wanajua hii kazi: mwimbo si wa kufurahisha tu, ni wa kugawanya uzito, kusudi muzaifu asianguke na mwenye nguvu asiwaache wengine nyuma.

Ku bandari, wapakizi wa ndizi walikuwa wanabeba mikungu usiku kucha, na kulipokucha walingojea karani aje kuhesabu kusudi walipwe. Mwimbo wao Harry Belafonte aliutembeza mu dunia yote mu 1956. Mutu yeyote aliyesimama pa depo na mifuko yake, akingoja munoaji wa mizani aseme ni kilo ngapi, na mwingine aseme ni asilimia ngapi, ataelewa ule mwimbo hata kama hajue Kiingereza.

Toka nyimbo za vijiji kulizaliwa mento, kiisha ska, kiisha rocksteady, na mu 1968 Toots and the Maytals walirekodi mwimbo uliotia jina la reggae mu kinywa cha watu. Ni nani walipiga ule muziki? Watoto wa watu wa chini. Kuko masomo moja ya Kingston, Alpha, ya masista wa Katolika, yaliyopokea watoto maskini na wale walioshinda wazazi wao. Sista Mary Ignatius Davies aliwatia tarumbeta mu mikono, na wapigaji wakubwa wa kundi la Skatalites, kama Don Drummond na Tommy McCook, walitoka mule. Bob Marley naye, mbele dunia haijamujua, alijifunza kazi ya kuunga chuma, sudire, Kingston. Desmond Dekker vilevile. Ku kartye ya Trench Town, Joe Higgs aliwafundisha Marley, Peter Tosh na Bunny Wailer kuimba, mu kiwanja, bila kuwaomba feza. Wale ambao hawakuweza kulipa kuingia mu dansi ya watajiri walijenga baffle zao wenyewe, kubwa sawa kabati, wakacheza inje.

Na lugha yao ilikuwa patwa, ile ambayo walimu walikuwa wanasema ni Kiingereza cha kuvunjika. Louise Bennett, anayeitwa Miss Lou, aliandika na kusema mashairi mu ile lugha mpaka watu wakaacha kuwa na haya. Mu 2012 Agano Jipya lilitoka mu patwa. Tunasema hii juu ya wale ambao wanacheka Kiswahili chetu cha Lubumbashi, cha Likasi na cha Kolwezi, eti si kizuri. Lugha ambayo watu wanalia nayo, wanapatana nayo na wanazika nayo haiko ya kuvunjika.

Ngoma ya Kongo ngambo ya bahari

Kuko jambo moja tungependa kila mutoto wa Kongo alijue. Kisha utumwa kufutwa, wenye mashamba ya Jamaica walikosa watu. Waingereza walikuwa wanakamata meli zilizoendelea kubeba watumwa baharini, na maelfu ya wale waliookolewa walipelekwa Jamaica kwa kontra, kati ya miaka ya 1840 na ya 1860. Wengi walitoka Afrika ya Kati, na kati yao Wakongo. Walikuja na kontra mu mukono, lakini hakuna aliyewauliza kama wanataka kurudi kwao.

Walikaa zaidi upande wa mashariki, mu wilaya ya St Thomas, na kule wakalinda ngoma na ibada inayoitwa Kumina. Mupigaji anakaa juu ya ngoma iliyolazwa chini, anabonyeza ngozi na kisigino kusudi sauti ibadilike, na mwingine nyuma yake anapiga mbao ya ngoma na vijiti. Mu nyimbo zao za zamani Mungu anaitwa Nzambi. Pombe inaitwa malavu; mutu wa Kinshasa ao wa Matadi akisikia atajua mara moja ni malafu. Mama mumoja, Imogene Kennedy, waliyemuita Queenie, aliongoza Kumina mpaka serikali yake ikamupa medali. Wazazi wetu hawakuambiwa hii mu masomo ya koloni. Sisi tunawaambia watoto wetu.

Waliosikia ngoma za Rasta watasikia mule mukono wa Kumina, na toka ngoma za Rasta njia inafika mpaka reggae. Kundi moja kubwa lilijiita The Congos, na mu 1977 walitoa sahani yenye jina Heart of the Congos, mu studio ya Lee Perry, Kingston. Mu studio ileile, ile miaka, Wakongomani wawili, Seke Molenga na Kalo Kawongo, waliimba na kurekodi. Kwa hiyo tukisikiliza reggae, hatuazime kitu cha watu wengine kabisa. Kidogo cha kwetu kiko mule.

Rasta si moshi

Hapa tunawasemesha vijana wazi. Kuko wenye kusuka nywele, wenye kuvuta bangi, na kusema: mimi niko rasta. Marasta wa kwanza hawakupata lile jina bure. Leonard Howell, aliyehubiri mu St Thomas mu miaka ya 1930, alifungwa sababu alisema mutu mweusi asimutumikie mufalme wa Waingereza. Kijiji chake cha Pinnacle kilivunjwa na polisi. Mu 1963, kisha uhuru, marasta walikamatwa na kupigwa mu mambo ya Coral Gardens, na wengine walikufa. Ilifika 2017 serikali iombe musamaha. Mbele yao kulikuwa Marcus Garvey, aliyetumika mu kiwanda cha kuchapa vitabu na kuingia mu mgomo wa wachapaji wa Kingston. Yeye alifundisha watu weusi wa dunia yote kusimama wima, na makoloni mengi ya Afrika yalikataza gazeti lake.

Ile njo rasta: mutu anayekataa kuinama. Mwenye kushuka mu shimo na kichwa kimejaa moshi hasaidie mapigano ya mutu yeyote. Anatia mu hatari maisha yake na ya wenzake wanaoshika kamba juu. Hatukatae nywele zenu. Tunaomba mubebe na ile kazi iliyokuwa chini ya nywele.

Bauxite na mwimbo: vyote vinatoka vibichi

Kwa sisi wa migodi, hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Jamaica iko na udongo mwekundu wenye bauxite, jiwe la kutengeneza alumini. Meli ya kwanza ilipakia mu 1952. Mu 1957 kile kisiwa kidogo kilishakuwa cha kwanza mu dunia kwa bauxite. Lakini jiwe lilikuwa linatoka, na faida ilikuwa inafuata jiwe. Udongo ulienda, ukarudi umekuwa sufuria, na mutu aliyeuchimba akainunua.

Mu 1974 waziri wa kwanza Michael Manley, mwana wa Norman, aliweka kodi mupya: kila tani ilipe kufuatana na bei ya alumini mu soko la dunia. Mapato ya serikali yalipanda mara nyingi. Huyu mutu mbele ya kuingia mu serikali alikuwa mutu wa sendika, aliyepatanisha mishahara ya wachimbaji wa bauxite na wakata miwa. Alijua hesabu toka chini. Mwaka uleule, inchi zenye bauxite zilikutana Conakry, wakajenga umoja wao, na ofisi yake ikawekwa Kingston. Haikumaliza mateso yote: bei ya dunia ilianguka, kampuni zingine zikapunguza kazi, na mabwawa ya matope mekundu yako mpaka leo. Lakini walionyesha kwamba mwenye jiwe anaweza kusema bei.

Na muziki? Nao ulikuwa unatoka mubichi vilevile. Waimbaji wengi wa miaka ya 1960 walilipwa mara moja, noti chache mu mukono ku mulango wa studio, bila karatasi. Mwimbo ukauzwa London na New York miaka 30, na mwenye sauti akabakia mu kartye yake akiusikia ku redio ya jirani. Sheria ya kweli ya haki za watunzi, Jamaica ilipiga kura yake mu 1993 tu. Wengi walishakufa. Hapa kuna fundisho: udongo unaisha, mwimbo hauishe, lakini vyote viwili bila kontra vinatajirisha mwingine.

Kuko pia ile habari ya Cockpit Country, milima yenye misitu ambako Wamaroni wa Accompong wanakaa na kusherehekea mapatano yao kila tarehe 6 mwezi wa kwanza. Chini ya sehemu zingine za kule kuko bauxite. Watu walisimama, wakasema: hapa njo nyumba ya wazee wetu, na hapa njo maji yetu yanatoka. Mu 2017 serikali ilitangaza eneo ambalo hawatachimba. Mabishano juu ya mupaka hayajaisha, na sisi tunajua vema jino la njaa wakati kazi inakosekana. Lakini watu wasiokuwa na kumbukumbu ya mahali pao, wataweka mupaka na neno gani?

Na sisi je?

Mu 2018 UNESCO iliandika reggae ya Jamaica ku orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Mu 2021 ikaandika rumba ya Kongo. Tulifurahi, tulicheza. Ni vizuri. Lakini karatasi ya Paris hailinde kitu kama kartye yenyewe imesahau.

Watu 4 wa Frome wako na sikukuu ya inchi muzima. Sisi, mwezi wa 12 mu 1941, watumikaji wa Union Minière waligoma hapa Elisabethville wakiomba mushahara, na askari wakawapiga risasi ku uwanja wa mupira. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili yao, alikufa pale. Muulize vijana 10 mu kartye yenu kama wanajua lile jina. Mwenda Jean-Bosco alipiga gitare yake Jadotville, Likasi ya leo. Hugh Tracey akamurekodi mu 1952, na mpaka leo wapiga gitare wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vyake. Je, watoto wa Likasi wanajifunza?

Wazee waliotumika mu migodi tangu wakati wa koloni wanabakia wachache. Wako na nyimbo za kambi, nyimbo za malemba ya matanga, nyimbo za kucheka mukapita. Kila tukizika mumoja, tunazika na kitabu ambacho hakijaandikwa. Basi tunaomba mambo matatu, ambayo hayangojee waziri wala direksyo.

La kwanza: mu kila kampi, delege wa sendika achague vijana wawili wenye simu nzuri. Waende kwa wazee, na ruhusa ya jamaa, warekodi nyimbo na habari zao, waandike jina, mahali na mwaka. Kopi moja ibakie kwa jamaa, moja ku ofisi ya sendika, moja ipelekwe ku makumbusho ya Lubumbashi.

La pili: mwanamuziki yeyote anayepiga mu sikukuu zetu alipwe, na apewe karatasi yenye sahihi. Hatuwezi kudai kontra kwa mukubwa wa kampuni, kisha tumulipe mupiga ngoma na chupa ya bia.

La tatu: ile siku ya defile, mbele ya hotuba, majina ya wafu wetu wa kazi yasomwe kwa sauti: wa 1941, na wale wa mashimo ya juzi, watu wazima na vijana. Yasomwe kartye kwa kartye, na watoto wakiwa mbele, si nyuma.

Jamaica haikuwa na jeshi kubwa wala mali mingi kutupita. Ilikuwa na watu waliotoka ku kazi wamechoka, na hawakukubali ile siku yao ipite bila kuimbwa. Sisi tuko na shaba, tuko na kobalti, na dunia nzima inatupigia hodi. Siku moja mashimo yatakuwa matupu. Siku ile, tuwe na kitu cha kuwaachia watoto ambacho hakuna lori inaweza kukipakia.